Ramadhani siku ya 13: Upepo ule tuuiteje?



Allah atukubalie funga zetu. Leo darsa ni refu kidogo kuliko la jana. Kama uko kwenye foleni ya malori pale mpakani, au uko dukani unasubiri wateja, lisome taratibu. Kama una haraka, nenda mwisho moja kwa moja, kuna jambo la kufanya leo hii kabla ya futari.

Mnaikumbuka mvua ya siku ile, iliyokuja na upepo tukiwa tumebakiza kama nusu saa kufungua. Sisi wa Tunduma upepo tumeuzoea, lakini ule ulikuwa na nguvu yake. Nyumba ya jirani yetu mmoja iliezuliwa bati upande mzima. Mtaa sitautaja, wala jina. Ni mama mtu mzima, mjane, anaishi na wajukuu. Futari yao siku hiyo ililowa yote.

Usiku baada ya tarawehe mazungumzo barazani yalikuwa ni hayo, na kila mtu alikuwa na sababu yake mkononi. Wa kwanza akasema ni kwa ajili ya mpangaji wake, yule hana tabia nzuri. Wa pili akasema hapana, ni mwanawe aliyeko Nakonde, pesa anazomtumia mama hazijulikani zinatoka wapi. Wa tatu akasema kuna deni la watu halijalipwa. Paa moja, madhambi matatu! Kisha wakanigeukia mimi: "Ustadh, hii si ni adhabu?" Nami nikajibu haraka haraka: "Allah hakosei anwani." Watu wakatikisa vichwa, mmoja akacheka, tukaagana.

Maneno hayo yalimfikia. Mji wetu huu maneno hayahitaji vocha. Kesho yake mjukuu wake, ambaye anasoma madrasa kwangu, akaja kabla ya wenzake.

"Shikamoo ustadh."

"Marahaba."

"Bibi anauliza, ni dhambi ipi aanze kuitubia?"

Mtoto hakujua alichobeba. Alisimama anasubiri jibu kama aliyetumwa chumvi dukani. Na mimi, mwenye vitabu na cheti cha ualimu, sikuwa na jibu. Nikamwambia nitakuja mwenyewe kuongea na bibi.

Kwa hiyo leo tuliangalie neno. Upepo mkali tunauita nini, na tunapouita jina, tunakuwa tumesema nini?

Kwanza Kiswahili chetu. Wengi mlionitumia sauti siku ile mlisema "kimbunga kimepita Tunduma". Kwa mazungumzo ya mtaani sawa, tunaelewana. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa wakisema kimbunga, wanakusudia kitu kingine: mfumo mkubwa wa upepo na mvua unaozaliwa juu ya bahari yenye joto, unazunguka, na ukishaingia nchi kavu unaanza kuishiwa nguvu, kwa sababu chakula chake ni yale maji ya moto ya bahari. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Upepo wetu wa siku ile ulikuwa wa mvua ya radi, wa dakika chache, umekuja na kuondoka. Kuna na kile kidogo cha kiangazi, cha vumbi kinachozunguka uwanjani na kuinua makaratasi. Kinaitwa chamchela, wengine husema kisulisuli, na watoto wanaambiwa ndani yake kuna jini. Angalia hata neno lenyewe: upepo ni hewa inayokwenda, pepo ni jini la kuogopwa, na Pepo ndiyo tunayoiomba kila usiku wa mwezi huu. Matamshi ni mamoja, na humo mna hofu na mna matumaini. Ukisikia nusu ya sentensi tu, hujui ni ipi.

Kuna tufani pia. Neno hili tumelipata kwa Kiarabu. Ndani ya Qur'ani limekuja mara mbili: katika habari ya kaumu ya Nabii Nuh (a.s.) na katika habari ya watu wa Firauni. Huko maana yake ya kwanza ni maji yanayofunika kila kitu, yaani kile ambacho sisi tunakiita gharika. Neno lilipofika kwa watu wa pwani likaingia kwenye majahazi, likawa upepo mkali wa baharini wenye mvua na mawimbi. Neno linasafiri, na likisafiri linabadilika. Kwa hiyo mtu akikwambia "tufani ni adhabu, limo kwenye Qur'ani", muulize kwa upole: tufani ipi? Ya maji ya Nuh, au hii ya bati la jirani?

Na jina halikwambii kitu chenyewe kikoje. Mwezi Mei 2024 pwani yetu ilifikiwa na kimbunga upande wa Mafia, na jina lake kilikuwa Hidaya. Hidaya! Kwa Kiswahili cha kawaida hidaya ni tunu, zawadi. Kwa lugha ya dini ni uongofu. Mtu angeweza kutoa hotuba nzima juu ya jina hilo. Lakini majina ya vimbunga vya Bahari ya Hindi upande wetu hupangwa kwenye orodha kabla vimbunga vyenyewe havijazaliwa. Kinachofuata kinapewa jina linalofuata. Jina lilikuwa linasubiri tu zamu yake.

Sasa twende kwenye Qur'ani, maana huko ndiko wanaotoa hukumu wanakodai wametoka. Qur'ani ina maneno mengi ya upepo mkali, na haiyachanganyi. Kaumu ya Ad, watu wa Nabii Hud (a.s.), walipelekewa sarsar, upepo baridi wenye kishindo, siku saba usiku na siku nane mchana. Upepo huo huo umeitwa mahali pengine aqim, tasa, usiozaa mvua wala mbegu. Kuna hasib, unaorusha mawe. Kuna qasif, unaovunja vunja wakiwa baharini. Kuna i'sar, kimbunga chenye moto kinachounguza bustani ya mzee mwenye watoto wadogo, na huo ni mfano kwa mwenye kuharibu sadaka yake mwenyewe.

Halafu kuna neno asif, au asifa: upepo unaovuma kwa nguvu sana. Neno hili nililichungulia tena usiku ule baada ya mtoto kuondoka, na ndilo lililonisuta. Katika Suratu Yunus limetumika kwa wasafiri wa jahazi waliokuwa na upepo mzuri, mara ukawajia mkali, wakamwomba Allah kwa ikhlasi. Huo ni mtihani, na waliokolewa. Katika Suratul Anbiyaa neno hilo hilo, asifa, ni upepo aliotiishiwa Nabii Sulayman (a.s.), unakwenda kwa amri yake hadi ardhi iliyobarikiwa. Hiyo ni neema! Nguvu ni ile ile na neno ni lile lile, kwa mmoja mtihani, kwa mwingine kipando. Basi ukali wa upepo peke yake haukwambii umetumwa na ujumbe gani.

Wanazuoni walionyesha pia kwamba mara nyingi Qur'ani ikisema pepo kwa wingi, riyah, inataja rehema, na ikisema upepo mmoja, rih, inataja adhabu. Lakini wao wenyewe wakasema si mara zote, na ile aya ya Yunus inaanza na rih iliyo nzuri. Hata kanuni ya wataalamu ina mlango wa kutokea. Sisi wa barazani tulikuwa hatuna mlango.

Na hili ndilo kubwa. Tunajuaje kwamba upepo wa Ad ulikuwa adhabu? Tunajua kwa sababu aliyeutuma ametwambia. Hatukulijua hilo kwa kuhesabu mapaa yaliyoezuliwa. Wao Ad wenyewe, walipoliona wingu linaelekea mabonde yao, walifurahi, wakasema ni wingu la kuwaletea mvua. Waliliita rehema, na ndani yake mlikuwa na maangamizi yao. Kosa lao hapo lilikuwa kuwa na uhakika juu ya kitu cha Allah bila kuambiwa na Allah. Sisi tuliona upepo tukauita adhabu. Tumechagua jina lililo kinyume na lao, lakini uhakika wetu ni wa aina ile ile.

Najua mtu ataniandikia: "Ustadh, mbona aya katika Suratush Shura inasema msiba unaotupata ni kwa yale iliyochuma mikono yetu?" Ni kweli, na sitaki kuipunguza. Lakini isome mpaka mwisho wake: na Yeye anasamehe mengi. Na itazame inaongea na nani. Inaongea na wewe unayeisoma, kuhusu mikono yako. Haikukupa rungu la kumpiga nalo jirani. Na lazima uiweke pamoja na habari ya Nabii Ayyub (a.s.), aliyefikwa na madhara makubwa naye akiwa mja mwema kwa ushahidi wa Allah mwenyewe. Kama kila msiba ni hukumu ya dhambi, Ayyub tutamweka wapi?

Tazama na Vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria. Makundi yaliyouzunguka mji wa Madina yalipelekewa upepo na majeshi yasiyoonekana. Upepo ukapindua masufuria yao na kung'oa mahema yao. Kwao ilikuwa kushindwa. Lakini Hudhayfa (r.a.), sahaba wa Mtume (s.a.w.), alisimulia usiku huo ulivyokuwa kwa Waislamu: upepo mkali, baridi kali, hata Mtume alipotaka mtu wa kwenda kuchungulia habari za maadui, watu walikaa kimya. Upepo wa ushindi wao uliwatetemesha wao wenyewe! Mtu angewaona wale masahaba wamejikunyata gizani, angesema nini? Angesema Allah hakosei anwani?

Tuje karibu na kwetu. Tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa Sultani Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja. Mikarafuu na minazi ililala chini kwa wingi, na vyombo vikavunjika bandarini. Pemba, kisiwa cha jirani, kikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndicho kilichokuwa kisiwa cha karafuu. Haya, tutoe hukumu. Watu wa Pemba walikuwa wachamungu kuliko wa Unguja? Mtu atasema, mashamba ya Unguja yalilimwa na watumwa, ile ni dhulma, wakaadhibiwa. Dhulma ilikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini Pemba nako mikarafuu ililimwa kwa mikono ya watumwa. Ukitafuta hesabu ya madhambi ndani ya njia ya upepo, hesabu haifungi. Na mtumwa aliyeangukiwa na mnazi siku ile alikuwa analipia dhambi ya nani?

Na Machi 2023, kimbunga Freddy kiliingia kusini mwa Malawi, majirani zetu hawa ambao wa Ileje mnavuka mkiwatembelea. Zaidi ya watu 600 walithibitishwa kufariki na mamia wengine hawakuonekana tena. Walikuwemo Waislamu, walikuwemo Wakristo, walikuwemo watoto wachanga. Nani kati yetu ana ujasiri wa kwenda kwa mama aliyezika watoto kule na kumwambia neno lile la barazani?

Sasa, je, ina maana upepo usitutie hofu? Tuseme "ni hali ya hewa tu", tuendelee na biashara? Hapana. Bi Aisha (r.a.) ametusimulia kwamba Mtume (s.a.w.) akiona wingu au upepo, uso wake ulibadilika. Akawa anaingia, anatoka. Alipoulizwa, akataja watu wa Ad waliodhani ni mvua. Angalieni hofu ile ilielekea wapi. Hakusema huu unakwenda kwa fulani. Alimgeukia Mola wake. Na akatufundisha tusiutukane upepo, kwa sababu unaleta rehema na unaleta adhabu, bali tuombe kheri yake na tujikinge na shari yake. Angekuwa na desturi ya kutwambia kila upepo ni upi, tusingehitaji kuomba yote mawili.

Hapa mtu mwenye akili atauliza: "Basi ustadh una vipimo viwili. Msiba ukinipata mimi niseme labda ni dhambi zangu. Ukimpata jirani niseme ni mtihani. Huo si unafiki?" Swali zuri, nimelifikiria sana. Jibu langu ni kwamba vipimo ni viwili kwa sababu ninachokijua ni viwili. Dhambi zangu nazijua, kwa saa na mahali. Nikijihukumu, nina ushahidi. Za jirani sizijui, nina uvumi wa baraza. Halafu angalia neno linafanya kazi gani. Neno "adhabu" nikijisemea mimi, linaninyanyua niende kwenye toba, nilipe deni. Nikimsemea jirani, linanikalisha. Maana kama Allah ndiye aliyemwezua, mimi ni nani nimpelekee bati? Kwa neno moja nimejitoa kwenye wajibu, na nimejiona mcha Mungu zaidi. Ndugu zangu, siku ile usiku hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza wajukuu wamelala wapi. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko swali la mtoto.

Na kuna kitu kingine neno lile lilikificha. Nilipokwenda kwa mama, alikuwepo fundi anaangalia. Akanionyesha: kenchi ziliwekwa tu juu ya ukuta, hazikufungwa kwenye lenta. Misumari michache, bati jepesi. Upepo ukiingia chini ya bati la namna hiyo unalinyanyua kama mfuniko wa chungu. Aliyejenga alilipwa hela kamili na kazi akaifanya nusu. Sisi tulitafuta dhambi kwa mpangaji, kwa mwana na kwenye deni, kumbe ilikuwepo dhambi ya wazi ya mtu aliyepunja kazi, hakuna aliyeitaja. Nabii Nuh (a.s.), mwenye tufani yenyewe, Qur'ani inatwambia chombo chake kilikuwa cha mbao na misumari. Alikuwa na wahyi, na bado alipigilia misumari. Fundi unayesoma darsa hili, funga kenchi za watu. Hiyo ni ibada.

Nilimwomba mama msamaha mbele ya wajukuu wake. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ustadh, mimi dhambi ninazo, sikatai. Ila nilitaka nizikumbuke mwenyewe." Akanikaribisha uji. Nilikuwa nimefunga, naye amefunga, tukacheka wote wawili. Ameniruhusu niandike haya bila jina lake. Na nyinyi mliokuwa barazani, mimi ndiye niliyewapa jibu lile, kwa hiyo nimelirudisha hapa hadharani kama nilivyolitoa hadharani. Kusema Allah hakosei ni kweli kabisa. Aliyekosea ni mimi, niliyejifanya nimeisoma barua ya mwenzangu.

Nimalizie na upepo mwingine, maana mwezi huu unao wake. Ibn Abbas (r.a.) ametusimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa mkarimu kuliko watu wote, na ukarimu wake ulizidi katika Ramadhani, Jibril alipokuwa anakutana naye kila usiku wakidurusu Qur'ani. Akasema kwa kheri alikuwa mkarimu kuliko upepo uliotumwa. Wanazuoni wakaeleza: upepo wa rehema ukivuma hauchagui, unafika kwa kila mtu, wa nyumba ya vigae na wa nyumba ya udongo. Hauulizi kwanza mwana wako anafanya kazi gani Nakonde.

Jambo la leo. Baada ya Alasiri vijana wanakutana msikitini kwenda kwa mama. Zinahitajika bati, papi, misumari ya bati na waya wa kufungia kenchi. Fundi amejitolea mikono yake. Mwenye bati moja alete moja, mwenye msumari kilo moja alete, asiye na kitu aje kushika ngazi. Hii ni sadaka, usiihesabu kwenye zakatul fitri, ile ina wakati wake. Wanawake wanaandaa futari ya nyumba ile kwa siku tatu, atakayeweza amwone mama mlezi wa madrasa.

Na usiku wa leo, kabla ya kulala, kila mmoja amkumbuke mtu mmoja ambaye msiba wake aliwahi kuupa jina. Ukiweza, mpigie.

Ewe Mola wetu, tunakuomba kheri ya upepo huu na kheri ya ulichouagiza, na tunajikinga Kwako na shari yake. Zihifadhi ndimi zetu na nyumba zetu. Wape subira waliofikwa, na utupe sisi haya. Amin.

Kesho inshaallah tutaongelea deni na mwenye kudaiwa. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.